Jina la Filipo kwenye Mnara wa Maji

Nyinyi mliobaki ofisini mliniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu kabla sijasahau. Mlisema hivyo kwa adabu, mkimaanisha kabla sijafa. Haya, naandika. Vyeo vyangu sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaoulalamikia nyinyi. Nitaandika habari za gari la sinema, kwa sababu mmekuja kazini wakati wa video na mnadhani sinema ni kubonyeza kitufe na kukaa. Humo ndani limo jambo moja ambalo limenitia aibu miaka yote hii. Nitalifikia, msiniharakishe.

Mimi ni mtoto wa Tabora mjini, Ng'ambo. Baba alikuwa Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli, akaoa, akasahau kurudi kwao. Kwa hiyo mimi ni Mzaramo ambaye bahari niliiona kwenye sinema kabla ya kuiona kwa macho. Lakini damu ni damu, na kwa Wanyamwezi Mzaramo ni mtani. Huo ni utani wa tangu misafara, babu zao walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani na kupita kwa babu zetu, wakipeana maji na matusi kwa pamoja. Mtani wako atakukamatia kuku wako mchana kweupe, atakusema mbele ya wakwe zako, na siku ya msiba wako ataingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unaonekana huna kwenu.

Niliajiriwa Uhuru ukiwa bado mchanga. Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Athumani, mtu mfupi, mwenye sauti ambayo sijui aliihifadhi wapi katika kifua kile. Siku ya kwanza tulikwenda Kwihara, karibu tu na mjini, ili nikiharibu tusiwe mbali na nyumbani. Ofisi ilikuwa imenipa karatasi yenye maelezo ya picha, imepigwa taipu vizuri kabisa. Giza lilipoingia, picha ikaanza, nikainua karatasi yangu, na ndipo nikagundua kwamba gizani karatasi haisomeki. Nadhani hata mtoto mdogo angelijua hilo. Nilisimama na kipaza sauti mkononi kama niliyeshikishwa mtoto wa mtu, watu wakaanza kupiga miluzi, mpaka Bwana Athumani akanipokonya akaendelea yeye, bila karatasi, huku anatafuna karanga.

Wakati wa kukunja vyombo aliniambia, "Kijana, watu hawakutoka majumbani kuja kusikiliza karatasi. Picha ile inasema Kizungu. Ukinyamaza wewe, wanabaki na vivuli."

Alinifundisha kufunga pazia ili upepo usilifanye tanga, na kuweka jenereta mbali nyuma ya gari isimeze sauti. Alinifundisha kusafisha njia ya filamu kwa kitambaa laini kila unapobadilisha gurudumu la filamu, kwa sababu chembe moja ya vumbi ikikaa pale inakuwa nyoka kwenye pazia. Taa ya projekta usiiguse ikiwa moto, na usiondoke na gari kabla haijapoa, maana barabara zetu zitaivunja. Waya wa kipaza sauti ulikuwa na ugonjwa wake pale unapoingilia: ukiupinda vibaya sauti inakata, na watu wote wa mkoa huu walishazoea kuona sisi tunasema midomo inacheza na hakuna kinachosikika. Tuliomba waya mpya. Nadhani nyinyi bado mnausubiri.

Jambo kubwa alilonifundisha lilikuwa hili: sema kabla. Kama mtu kwenye picha atapigwa risasi, usiseme juu ya mlio. Sema kabla, nyamaza, ongeza sauti ya picha, acha bunduki ilie yenyewe.

Bwana Athumani alipostaafu nikabaki mimi na dereva wangu, Mrisho, Mnyamwezi wa Nzega, mtu wa maneno machache aliyeliheshimu gari kuliko abiria wake. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulizunguka vijiji vipya na picha za kilimo bora cha tumbaku, picha za vyoo, picha za maji ya kuchemsha. Watu walizitazama kwa heshima, kama unavyomsikiliza mgeni rasmi. Kisha mtu mmoja huko nyuma angeuliza, "Na ile ya vita mmekuja nayo?"

Ile ya vita ililetwa kama zawadi na nchi moja rafiki. Ilikuwa ya mji mmoja mkubwa uliozingirwa na adui, majira ya baridi, nyumba zimebaki kuta tu. Ndani ya mji yuko mlenga shabaha mmoja, analinda bomba ambako watu wanachota maji. Nje yuko mwingine, ametumwa na wanaozingira, naye amejificha juu ya mnara wa maji uliotoboka. Kila mmoja anamtafuta mwenzake kwa darubini ya bunduki. Picha nzima ni hiyo. Hawaongei, wanalala kifudifudi wakingojana, na mwishoni yule wa mnarani anashikwa na baridi, anafungua chupa ya chai, mvuke unapanda, yule wa mjini anauona. Risasi moja. Yule wa mnarani anaanguka taratibu mpaka chini kwenye theluji.

Sasa picha ambayo watu wake hawaongei ni balaa kwa mtu wa kazi yangu. Utasema nini muda wote huo? Nikavumbua mbinu, na niliionea fahari kubwa. Tukifika kijijini nilikuwa nauliza, nani hapa mtu maarufu? Wanatajiana majina kwa vicheko. Usiku yule wa bombani nampa jina langu, Mzaramo, na yule wa mnarani nampa jina la mtani wangu wa pale kijijini. "Mnamwona Maganga huyo? Amelala juu ya mnara kama alivyolala siku ya kulima shamba la kijiji. Maganga, shusha kichwa, mtani, kichwa hicho hata kipofu hakikosi." Watu walicheka mpaka wakashikana. Maganga mwenyewe anasimama kunitukana mimi na ukoo wangu wote. Na akianguka mnarani, wanamshika wanamlilia kwa uongo, na asubuhi ananiletea viazi. Nzega walipoiona ile theluji mzee mmoja akauliza ni pamba ya nani hiyo isiyovunwa, serikali ikijua itakuwaje. Tulirudishwa Nzega tena na tena kwa ajili ya picha ile.

Basi, mwaka wa vita vya Kagera tukapelekwa kijiji kimoja mbele ya Goweko, cha wakulima wa tumbaku. Kijiji chenyewe sitakitaja, na jina la Filipo nitakalolitumia hapa si jina lake. Kilikuwa kijiji kilichokusanya watu wa kila upande wakati wa kuhamia vijijini. Tulichelewa kufika kwa sababu ya pancha, nikauliza mambo yangu harakaharaka huku nafunga pazia. Nani mtu maarufu hapa? Watu wakajibu karibu kwa pamoja: Filipo. Yuko wapi? Yuko mbele, vitani, kijana wetu huyo. Walilisema jina kwa fahari. Mtu mwenye akili angesikia fahari hiyo akaelewa kwamba wanataka Filipo awe yule wa bombani, shujaa. Lakini mimi nilikuwa na mazoea yangu, na mazoea hayasikii. Nikampandisha Filipo mnarani.

Nilianza vizuri. Vicheko vilikuwa vichache, nikadhani wamechoka na shamba, nikaongeza chumvi. Nikasema Filipo kaenda vitani kwa sababu huku wamemnyima mke. Nikasema, "Kunywa chai, Filipo, mtani wangu, kunywa, ndiyo ya mwisho hiyo." Hapo ndipo nikasikia watu wanaguna. Na bado sikuacha. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa, nikaongeza sauti, bunduki ikalia, na mtu niliyemwita Filipo akaanguka kutoka mnarani mbele ya kijiji chake chote.

Mama mmoja aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Nyuma yake wakaondoka wengine, na wengine, bila maneno. Picha iliisha ikituangalia Mrisho na mimi tu.

Kwenye gari Mrisho alisema, "Yule mama ni mama yake. Ni Waha wale, walikuja kulima tumbaku zamani. Wewe na wao hakuna utani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Mimi njia nzima mpaka Tabora nilikuwa najitetea moyoni. Ile ni picha, watu wa siku hizi bado wana mambo ya uchuro, na kadhalika. Nilikuwa nimesoma kidogo, na kusoma kidogo kunamfanya mtu awe mwepesi wa kuwacheka wengine.

Haikupita muda mrefu nikamkuta Mama Filipo kwenye baraza ya ofisi asubuhi. Alikuja kwa treni kutoka Goweko, peke yake, ameketi na kikapu chake mapajani.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye wa sinema?"

Nikasema ndimi. Nikaanza kumweleza kwamba ile ni picha tu, yule mtu alilipwa aanguke, na sasa yuko kwao anakula. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua ni picha," akasema. "Mimi si mjinga, baba. Picha ni yenu, mna watu wenu humo. Mwanangu ulimtoa wapi?"

Akaniambia hajapata habari za Filipo tangu aondoke na wenzake. Akaniambia pia kwamba Filipo ana mchumba palepale kijijini, na mahari ilikuwa imeanza kutolewa. Sasa baba wa binti amesimamisha kila kitu. Anasema hawezi kumpa binti yake mtu ambaye jina lake limeshatamkwa kwenye kufa, mbele ya watu, na kijiji kizima kikashuhudia. Wakimwona yeye njiani wanampa pole. Mtoto yuko hai wala hajui, na mama yake anapewa pole.

"Umemchuria mwanangu," akasema, na sauti haikupanda. "Akirudi atakuta ameshazikwa midomoni mwa watu."

Nikamuuliza nifanye nini. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kweli, si kwa kuigiza.

"Kwetu neno kama hilo halifutwi, linabebwa na mtu mwingine. Rudi uonyeshe ileile. Akifika pale pa kuanguka, jina utakalolitaja liwe lako."

Nikasema, "Hilo tu, mama?" Nakumbuka wepesi wa ulimi wangu. Nilikuwa tayari kumlipia nauli ya kurudi, nimpe na sukari. Jina langu kwenye mdomo wangu mwenyewe, kuna nini?

Tulirudi. Kijiji kilijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari ilitangulia, na baba wa binti alikaa mbele kabisa, mikono imekunjwa. Niliwaomba radhi kwa kipaza sauti. Nikasema leo Filipo ndiye wa bombani, na wa mnarani watamjua. Walipokea vizuri, wengine wakacheka. Mama Filipo hakukaa na watu. Alikuja akasimama karibu yangu kando ya projekta, karibu kiasi kwamba mwanga wa pembeni ulimfika begani. Mrisho alikuwa huko kwenye jenereta yake.

Picha ikaenda. Nilimsifu Filipo pale bombani mpaka mwenyewe nikaamini. Yule wa mnarani nikamwita jamaa, huyo bwana, adui. Nilikuwa najiwekea akiba. Kila nilipotaka kuanza kulizoesha jina langu nikasema bado, bado, nitalisema mwishoni lipate uzito. Kisha nikamwona yule wa mnarani anatafuta chupa yake ya chai.

Ninyi mnanijua. Mimi ni mtu niliyesema kwa miaka yote ile kwa kazi, na hata nyumbani nasema usingizini, muulizeni mke wangu. Niliwaua akina Maganga wa mkoa huu wote kwa kinywa hiki. Lakini mvuke ule ulipopanda, niliwaona wanangu wamelala Ng'ambo. Nikajiambia ni upuuzi, sema, ni jina tu. Nikafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Niliogopa, jamani. Mtoto wa mwenzangu nilimweka pale kwa kicheko, na mimi mwenyewe nikaogopa kupanda ngazi ya mnara wa picha.

Mama Filipo aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa muda, maana muda haukuwepo. Akalielekea pazia la picha, akataja kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu hodi, jina lake mwenyewe la ubatizo na jina la baba yake. Nilisikia mimi tu. Bunduki ikalia. Yule mtu akaanguka.

Watu wakaanza kuulizana, "Kasemaje? Katajwa nani?" Baba wa binti akasimama na kugeuka nyuma kututazama.

"Amesema," Mama Filipo akawaambia kwa sauti kubwa. "Amelitaja jina lake, nimesikia kwa masikio yangu haya. Waya wake huo ndio uliokata."

Wakakubali. Nani asiyeujua waya wetu? Baba wa binti alinitazama kitambo, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Haya, yameisha." Watu wakaja kunipa mkono mmoja mmoja. Nilimpa kila mtu mkono.

Wakati nakunja waya nilimfuata. "Mama, kwa nini umefanya vile?"

"Una watoto?" akaniuliza.

"Ninao."

"Basi," akasema. "Funga vyombo vyako, baba, mwende salama."

Nyumbani nililitamka jina langu kwa nguvu, chumbani, mke wangu akauliza naita nani. Lilitoka bila shida yoyote. Tangu siku ile sikuweka tena jina la mtu wa kijijini kwenye picha, na wakubwa waliandika kwamba maelezo yangu yamepoa. Walikuwa na haki.

Filipo alirudi mzima vita vilipokwisha. Alioa. Baada ya mavuno akaja ofisini, kijana mrefu, na dumu la asali ya nyuki wadogo, ile ambayo hata hapa kwetu Tabora huipati hivihivi. Akalishusha miguuni pangu, akaniamkia kama anavyoamkiwa baba.

"Mama ameniambia yote," akasema. "Uliniondoa mimi ukajiweka wewe. Hata watu wa kwetu wenyewe hawafanyi hivyo."

Nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka, maneno yalikuwa hapa. Lakini fikirini kidogo. Nikimwambia si mimi, ataniuliza ni nani. Na nikimjibu, nitakuwa nimempa kijana aliyetoka vitani mzigo wa kujua kwamba mama yake alikichukua kifo chake. Mama alimficha kwa makusudi. Kwa hiyo sababu yangu ya kunyamaza ilikuwa nzuri kabisa, na ndicho kinachonichoma zaidi, kwa sababu ilinifaa mno. Nikalipokea dumu. Nikasema, "Karibu chai." Akaja kila msimu tangu hapo. Wanangu wamekua wakila asali ile.

Nilimwona Mama Filipo mara chache baadaye, stesheni au sokoni. Alinisalimu vizuri tu na kuniuliza habari za watoto. Hakunikumbusha kwa neno wala kwa jicho. Angenikumbusha ningepata nafuu.

Amefariki mwaka huu niliostaafu, kwa uzee na homa, kama wanavyokufa watu walioishi sana. Filipo alinitumia mtu nije. Nilipofika aliwaacha wazee wa kanisa na ndugu zake, akaja kunichukua pale nyuma nilipojibanza, akanipitisha katikati ya watu mpaka ukingo wa kaburi. Akawaambia wasionijua, mimi ni nani kwao. Mmoja alikuwa ameshaanza kushika koleo. Filipo akalichukua kwake akanipa mimi, nitangulie kabla ya ndugu wa damu. Nikatupa udongo. Watu wakanipa pole za mfiwa, nikazipokea.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Filipo alinishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba," akaniambia, "mama ameondoka, na wewe uliyekubali kufa badala yangu ndiye uliyebaki."

Nikamwambia, "Nipo, mwanangu."